Wauzaji wa laptopu nyepesi waandike namba kamili kwenye matangazo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuzungumzie matangazo ya laptopu: yanayotoka magazetini, yanayobandikwa kwenye vioo vya maduka ya Kariakoo, na yanayorushwa kila asubuhi kwenye makundi ya WhatsApp. Karibu yote yana mstari uleule: "Slim, Core i7, RAM 8GB, SSD 256GB, safi kama mpya." Mnunuzi anasoma, anaona i7, anaona wembamba, anatoa pesa. Katika mstari huo hakuna neno hata moja la kumwambia kama mashine itamfaa miaka mitano au itamshinda kabla mwaka haujaisha.

Zamani upungufu huo haukuleta hasara kubwa. RAM, yaani kumbukumbu inayoshikilia kazi ulizofungua, ikiwa ndogo, fundi alifungua kifuniko cha chini, akachomeka kipande kingine, kazi ya dakika kumi. Betri ilitoka kwa kusukuma vibanio viwili. Laptopu nyepesi za daraja la juu, yaani MacBook Air, ThinkPad X1 Carbon, Dell XPS 13 na nyingine za aina hiyo, zimepata wepesi wake kwa kuondoa hayo yote. RAM imelehemiwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Betri ni bapa, imebanwa kwa skrubu au gundi chini ya kibodi. Kibodi nayo mara nyingi imegandishwa kwenye fremu ya juu, hivyo herufi moja ikifa huenda ukalazimika kubadilisha fremu nzima. Kwa hiyo uamuzi wote hufanyika siku ya kununua. Ukikosea RAM siku hiyo, umekosea kwa maisha yote ya mashine.

Ndiyo maana tunaanza na RAM. MacBook Air haijawahi kuwa na sloti (tundu la kuchomekea) ya RAM tangu Steve Jobs alipoitoa kwenye bahasha Januari 2008, na kuanzia toleo la 2018 hata SSD yake, yaani hifadhi ya mafaili, imelehemiwa. X1 Carbon, iliyoanza 2012, RAM yake ni ya kulehemiwa katika matoleo yote, ila SSD hufunguka na kubadilishwa. Kwa upande mwingine, HP EliteBook 840 kuanzia toleo la G5 hadi G8 ina sloti mbili za RAM. Hiyo G8 huanzia kilo 1.32, na X1 Carbon Gen 9 huanzia kilo 1.13. Tofauti haifiki gramu 200, pungufu ya glasi moja ya maji, lakini upande mmoja unaweza kuongeza RAM mwakani na upande wa pili huwezi kamwe. Mtu ambaye bajeti yake leo inaishia 8GB anunue yenye sloti. Anayetaka nyembamba kabisa asichukue chini ya 16GB.

Sababu ni hii. Windows 11 ikiwaka tu, kabla hujafungua chochote, huchukua GB 3 hadi 4. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi na tano, WhatsApp ya kompyuta, jedwali la Excel na kikao cha Zoom, nane zimekwisha. Hapo mashine huanza kuhamisha kazi kwenda kwenye SSD na kuirudisha, na SSD hata iwe ya kasi kiasi gani haiwezi kufuata mwendo wa RAM. Dalili yake ni kubofya ukurasa ukasubiri sekunde mbili tatu kabla haujaamka. Wengi hudhani ni virusi, wanapiga Windows upya, tatizo linarudi siku ileile. Oktoba 2024 Apple wenyewe waliacha kuuza Air ya 8GB kama toleo la chini kabisa, wakapandisha hadi 16GB.

Kuhakiki dukani ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "Memory". Pembeni utaona ukubwa, kasi na idadi ya sloti. Mahali palipoandikwa "Form factor", ukikuta "SODIMM" kwa kawaida ni kipande cha kuchomoa. Ukikuta "Row of chips" ni ya kulehemiwa. Baadhi ya mashine husema uongo hapo, kwa hiyo chukua jina kamili la modeli lililo chini ya laptopu ukalitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Tuje kwenye hiyo i7 inayouza sana, ambayo ni jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Neno i7 peke yake halina maana. Core i7-7500U ina viini (sehemu zinazofanya kazi ya prosesa) viwili. Core i5-8250U, iliyotoka 2017, ina viini vinne. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha nane inaishinda i7 ya kizazi cha saba katika kazi nyingi, na bado utakuta dukani hiyo i7 ndiyo ghali zaidi. Kwenye majina ya Intel ya mtindo huo, tarakimu zinazotangulia baada ya kistari ndizo kizazi: 7500 ni cha saba, 8250 ni cha nane, 1135 ni cha kumi na moja. AMD, washindani wa Intel, nao wana mtego wao: Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kwa namba, lakini viini vyake ni vya Zen 2, usanifu uliotoka 2019. Kwenye namba za Ryzen za mfululizo huo, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja usanifu. Angalia hiyo, usihangaike na ile ya kwanza.

Mpaka wa kizazi cha nane una uzito mwingine pia. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana. Inataka pia TPM 2.0, chipu ya usalama. Wapo wauzaji wanaopitisha Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine za kizazi cha sita na cha saba. Inawaka vizuri, inapendeza, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Ukiambiwa "hii ina Windows 11 tayari", usitosheke. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa "Processor" wewe mwenyewe.

Herufi ya mwisho nayo isomwe. U ni ya matumizi ya kawaida na hula umeme kidogo. P na H zina nguvu zaidi, zinapata moto zaidi, na ndani ya mwili mwembamba feni yake itapiga kelele na betri itaisha mapema. Y, iliyotumika kwenye laptopu nyembamba za miaka ya nyuma na wakati mwingine kuandikwa katikati ya namba, ni dhaifu. I5-7Y54 huuzwa kwa jina la i5 kama zile nyingine, na wengi wamepigwa hapo. Kwa barua, mahesabu, mtandao na filamu, U inatosha kabisa.

Sasa betri, na hapa tunaomba msomaji avute kiti. Kwenye laptopu nyepesi iliyotumika, betri ndiyo sehemu iliyochoka kuliko zote, na ndiyo ambayo mnunuzi haioni. Kuona asilimia 100 kwenye kona ya skrini hakukuambii kitu. Hiyo ni asilimia mia ya kilichobaki.

Kwenye Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itatengeneza faili na kukuonyesha mahali ilipolihifadhi. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari mitatu: "Design capacity" ni uwezo betri iliozaliwa nao, "Full charge capacity" ni uwezo wake wa leo ikijaa, na "Cycle count" ni mizunguko iliyokwisha kuchajiwa. Mashine nyingine huacha mstari huo wa tatu wazi, basi tegemea ile miwili ya kwanza. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Tuseme X1 Carbon Gen 9, betri yake ni Wh 57 (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi), ripoti itaandika 57,000 mWh, yaani elfu moja kwa kila Wh. Ukikuta uwezo wa leo ni 34,200, umebakiwa na asilimia 60. Laptopu ya aina hiyo ikiandika barua na kufungua mtandao kwa mwanga wa wastani hula kama wati 7. Gawanya 34.2 kwa 7, unapata saa tano kasoro kidogo. Kwenye kikao cha video, inapokula wati 12 au zaidi, hazifiki saa tatu. Hesabu hiyo ya darasa la saba ina thamani kuliko ahadi yoyote ya muuzaji.

Kwenye MacBook, shikilia kitufe cha Option, bofya tufaha la juu kushoto, chagua "System Information", kisha "Power". Utaona mizunguko na hali ya betri. Apple wanaihesabia betri ya Air mizunguko 1,000. Ikiwa imefika 800, bei ishuke kwa kiasi cha betri mpya pamoja na ufundi, vinginevyo tafuta nyingine.

Sisi tunaweka mstari kwenye asilimia 80. Juu ya hapo nunua bila wasiwasi. Kati ya 60 na 80, punguziwa bei. Chini ya 60, ihesabu kama imekufa, maana betri ikifika huko huanza kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20. Uwe mwangalifu pia na ripoti inayoonyesha asilimia 100 kamili na mizunguko sifuri kwenye mashine ya miaka sita. Ama betri ni mpya, ama ni feki yenye kompyuta ndogo iliyoandikwa upya. Cheza video dakika ishirini bila chaja, uone imeshuka kiasi gani. Ikishuka asilimia 15 kwa dakika hizo, ripoti imekudanganya.

Halafu kuna kuvimba. Weka laptopu ikiwa imefungwa juu ya kioo cha kaunta au meza iliyonyooka kabisa, inama mpaka jicho lako liwe usawa wa meza, tazama ubavuni. Mstari kati ya kifuniko na mwili uwe sawa kutoka pembe hadi pembe. Igonge kidogo pembe moja, isibembee. Kisha ifungue, bonyeza padi ya kugusia sehemu ya chini kushoto, kulia na katikati. Kila mahali ibonyee na kutoa mlio uleule. Ikiwa ngumu katikati, au imeinuka upande mmoja kama mlango uliovimba kwa mvua, chini yake betri imejaa gesi. Usiendelee kuichaji, usiibonyeze, usikubali mtu aitoboe "kutoa hewa". Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka, na moto wake haukubali kuzimika upesi.

Betri huzeeshwa zaidi na joto, na kukaa imejaa muda mrefu. Laptopu inayokaa mezani imechomekwa siku nzima iwekewe kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80. Lenovo wanacho kwenye programu yao ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, Dell na HP kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya ndani inayowaka kabla ya Windows. Ni dakika mbili za kazi. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Jambo ambalo limewaliza watu wengi ni kufuli la kampuni. Laptopu nyingi nzuri zilizotumika zinazoingia kupitia Dubai, Uingereza na Marekani zilikuwa mali ya makampuni, na kampuni huziandikisha kwenye mfumo wake wa kuzisimamia kwa mbali. Muuzaji anaweza kuiwasha bila intaneti, ikaonekana haina tatizo. Siku utakapoifuta na kuanza upya ukiwa kwenye mtandao, MacBook itakuonyesha ukurasa wa "Remote Management", au Windows itakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya huko. Kuanzia hapo huna mashine. Kupiga Windows upya hakusaidii, kwa sababu utambulisho uko kwenye seva za Apple au Microsoft, umefungwa kwa namba ya mashine.

Kinga ni moja: ifutwe mbele yako. Mwombe muuzaji aifute kabisa, kisha uiunganishe na hotspoti ya simu yako wakati wa kuianzisha, na uende mpaka ufike kwenye skrini ya kazi. Inaweza kuchukua nusu saa na kula bando. Muuzaji anayekataa nusu saa hiyo kwa mashine ya bei hiyo ameshakujibu. Kwenye MacBook hakikisha pia akaunti ya Apple ya mwenye zamani imetolewa, kwa maana ile yenye kufuli la uwashaji haifunguki bila nywila yake. Kisha ingia BIOS: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nywila, iache. Kwa ThinkPad, njia rasmi ya kuondoa nywila ya msimamizi iliyosahaulika ni kubadilisha madabodi.

Kwenye skrini, wengi hutazama inchi na kuishia hapo. Inchi 13 hadi 14 ni sawa kwa mashine ya kubeba. Kinachofuata ni mwanga, unaopimwa kwa niti. Skrini ya niti 220 au 250 inatosha ofisini penye pazia, lakini kibarazani saa sita mchana utaona uso wako badala ya maandishi. Tafuta 400 kwenda juu. Umbo la 1920 kwa 1200 ni bora kuliko 1920 kwa 1080 kwa anayeandika, kwani linaongeza mistari ya maandishi chini. Baadhi ya EliteBook zina skrini ya faragha iitwayo Sure View, iliyotengenezwa ili jirani asisome. Ni nzuri kwa benki, ila ukiitazama kwa pembe huwa na kiza na rangi huoshwa. Itazame kutoka kushoto, kulia na juu kabla ya kulipa. Fungua ukurasa mweupe mtupu, pandisha mwanga mpaka mwisho: madoa meupe kama alama za vidole ni dalili kwamba skrini imekandamizwa ndani ya begi.

Gharama ya skrini hizi ni kubwa kwa sababu kioo na fremu vimeunganishwa. MacBook Air ikipasuka, kwa kawaida hubadilishwa kifuniko chote. Nafasi kati ya skrini na kibodi haitoshi hata kwa punje ya mchele. Mwaka 2020 Apple walitoa onyo kwamba kufunga laptopu yenye kile kibandiko cha kuziba kamera kunaweza kuivunja skrini. Vibandiko hivyo bado vinauzwa kila kona. Kibandue kabla hujafunga.

Bawaba zijaribiwe kwa mkono. Inua kifuniko polepole kwa kidole kimoja ukisikiliza. Mlio wa kukatika, au fremu kuachana na kioo karibu na bawaba, ni ufa unaokuja. Kwenye mwili wa plastiki uliofunikwa rangi ya fedha ndipo tatizo hili lilipojaa; magnesiamu, alumini na nyuzi za kaboni huvumilia.

Kuhusu kibodi, mitumba kutoka Ujerumani huja na Y na Z zilizobadilishana nafasi. Kwa Mwingereza ni usumbufu mdogo. Kwa anayeandika Kiswahili ni mateso, maana "ya" zote zinakuwa "za" na "za" zote zinakuwa "ya". Za Ufaransa zimebadilisha A na Q. Unaweza kubadili mpangilio ndani ya Windows, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe hazitabadilika, na tumesema tayari kubadilisha kibodi ya mashine nyembamba kunamaanisha nini. Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, pamoja na nukta, mkato na alama ya ng'. Kwa watu wa Pwani, kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi Mtwara, angalia pia ndani ya poti kwa tochi ya simu. Ukungu wa kijani kwenye pini ni kutu ya hewa ya chumvi, na ikiwa imeonekana nje, ndani ipo zaidi.

Chaja ina mambo yake. Mashine nyingi nyepesi sasa huchaji kwa USB-C. X1 Carbon ilihamia huko 2017, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa laptopu mpya zinazouzwa kwao kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Ni baraka, kwani chaja moja inachaji laptopu na simu. Lakini tundu kufanana hakumaanishi nguvu kufanana. Laptopu ya wati 65 inahitaji volti 20 kwa ampea 3.25. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani mwisho wati 60. Ili wati 65 zipite lazima waya wa ampea 5 wenye chipu ndani yake. Wengi hununua chaja sahihi, wakaiunganisha na waya wa simu, halafu wakalalamika kwamba betri inachelewa kujaa. Chaja ya simu ya wati 20 itachaji usiku laptopu ikiwa imezimwa, au itakataliwa kabisa.

Soma maandishi ya chaja: iwe imeandikwa ingizo la volti 100 hadi 240, na kwenye toleo pawe na mstari wa 20V 3.25A. Chaja isiyo na mstari huo na nyepesi kama kibiriti haina kinga ya kutosha ndani, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mzigo wote unaishia kwenye saketi ya kuchaji ya madabodi. Matengenezo ya hapo hayana uhakika. Tundu la USB-C likiwa linalegea, yaani chaja inashika ukiipindisha tu, usiambiwe ni vumbi. Likiwa limelehemiwa moja kwa moja kwenye madabodi, kulibadilisha ni kazi ya darubini.

Uzito nao upimwe kwa haki. Kilo 1.2 ya tangazo haihesabu chaja, ambayo inaongeza gramu 200 hadi 300, wala kile kisanduku cha kuongezea poti. MacBook Air kuanzia ya 2018 ina USB-C na tundu la spika za masikio, haina HDMI wala USB ya kawaida. Mwalimu anayetumia projekta na flashi kila siku atabeba kisanduku hicho maisha yake yote. EliteBook 840 G5 hadi G8 na X1 Carbon Gen 9 zina HDMI na USB ya kawaida ubavuni.

Neno fupi juu ya laptopu mpya za Windows zenye prosesa za Snapdragon, zilizoanza kuenea katikati ya 2024. Zinakaa na chaji sana na hazipati joto. Kwa anayeishi kwenye kivinjari na Office ni nzuri. Lakini vifaa vinavyohitaji draiva (programu ya kukiendesha kifaa) yake maalumu, kama printa za zamani na baadhi ya mashine za alama za vidole, vinaweza visifanye kazi kama mtengenezaji hakutoa draiva ya ARM, aina ya prosesa ambayo Snapdragon ni mojawapo. Mwenye duka anayeendesha Tally, programu ya uhasibu, na printa ya risiti abaki kwenye Intel au AMD mpaka ajaribu kifaa chake kwa macho yake. MacBook Air kuanzia M1 ya 2020 haina feni kabisa, kwa hiyo haivuti vumbi, na kwa Dodoma au Turkana hilo ni jambo la kufikiriwa. Ila Tally haiendi moja kwa moja kwenye macOS.

Na kama pesa haitoshi vyote, ipangwe hivi: RAM kwanza, betri ya pili, skrini ya tatu, prosesa ya nne, SSD ya mwisho ikiwa ni ya kubadilishwa. Matangazo yetu yanapanga kinyume kabisa. Kwenye risiti ya EFD iandikwe namba ya mashine, maana risiti iliyoandikwa "laptop 1" haikusaidii siku ya kudai dhamana.

Ombi letu kwa wauzaji, na kwako Mhariri unayepokea matangazo yao, ni kwamba mstari wa tangazo uandikwe ukiwa na taarifa zinazoweza kuhakikiwa. Usomeke hivi:

"ThinkPad X1 Carbon Gen 9, Core i5-1135G7, RAM 16GB ya kulehemiwa, SSD 512GB ya kubadilishwa, skrini inchi 14, 1920 x 1200, niti 400, betri Wh 57 imebaki Wh 48, mizunguko 212, kibodi ya Uingereza, chaja ya USB-C wati 65 na waya wake, imefutwa, haina kufuli la kampuni, unaruhusiwa kuianzisha mwenyewe dukani."

Mafundi wa laptopu,
Kariakoo, Dar es Salaam